Trei ya pizza nene ya nyanya: ipi ununue kwanza

Pizza nene ya nyanya, mfano sfincione ya kule Palermo, Italia, ni unga uliolowa vizuri, mafuta ya zeituni chini, rojo la nyanya na vitunguu juu, kisha chenga za mkate. Utamu wake uko kwenye kitako. Kikitoka cheupe na chepechepe, umekula mkate wa mchuzi. Kitako kinapikwa na trei, kwa hiyo pesa ianzie hapo.

Pima kwanza ndani ya oveni. Trei kubwa za waokaji za sentimita 46 kwa 33 haziingii kwenye jiko la upana wa sentimita 50, na majiko hayo ndiyo yamejaa majumbani. Ya 35 kwa 25 inatosha: unga gramu 330, maji 230, chumvi na hamira.

Ya kwanza kwangu ni chuma cheusi, kizito, chenye kingo za sentimita tano hivi. Detroit, mji wa viwanda vya magari Marekani, ilijipatia jina la pizza kwa trei za namna hii: mwaka 1946 baa ya Buddy's Rendezvous ilianza kuokea pizza kwenye trei za chuma zilizokuwa zikibebea vipuri vidogo viwandani. Weusi hunyonya joto, kitako kikaiva kwa rangi kabla nyanya hazijakauka. Usumbufu wake ni kutu. Ipake mafuta na uichome kwenye oveni kabla ya kuitumia, mafuta yagande kuwa utando, na usilaze pizza humo usiku kucha, maana uchachu wa nyanya huchubua utando huo.

Ya pili ni alumini nene. Hupitisha joto zaidi ya mara nne ya chuma, ila ile inayong'aa hurudisha joto, hivyo iweke ngazi ya chini kabisa ya oveni.

Trei nyembamba za teflon, zilizojaa supamaketi, nazipa nafasi ya tatu kwa shingo upande. Hazigandi, sawa. Lakini hujipinda kwenye moto mkali, hazitaki kisu, na utando wake huanza kuharibika joto likipita nyuzi 260.

Kioo ni cha mwisho. Hupata moto polepole, na kikitoka kwenye friji kwenda oveni yenye moto kinaweza kupasuka. Kiachie makaroni.

Dukani ukikosa trei nyeusi, nenda kwa fundi bati, Kamukunji kwa wa Nairobi, Gerezani kwa wa Dar es Salaam, akukatie kwa kipimo cha oveni yako. Sisitiza bati jeusi tupu la milimita moja, si lile la kuezekea: lina zinki, na uchachu wa nyanya huiyeyusha ikaingia kwenye chakula. Muulize pia kama pembe atazikunja au ataziunga kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Akitaja risasi, shukuru uende kwa jirani yake.