Jaguar D-Type ya Ecurie Ecosse: gari la buluu lililowapita hata waliolitengeneza

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Leo nawachambulia gari la mbio ambalo dukani hulipati: Jaguar D-Type namba XKD 501, lile la buluu la Ecurie Ecosse, timu ya mbio za magari ya Edinburgh, Uskoti.

Tazameni hilo pezi nyuma ya kichwa cha dereva. Si pambo, kazi yake ni kulituliza gari likiwa kwenye kasi kubwa. Chini ya boneti kuna injini ya lita 3.4, silinda sita mstari mmoja, na oili inakaa kwenye tangi la peke yake. Ndiyo maana injini imeweza kukaa chini na pua ikalala vile. Halafu breki: diski magurudumu yote manne! Pale Le Mans, kwenye mbio za saa 24 za Ufaransa, ukitoka kwenye ule mnyooko wa karibu kilomita sita na kona inakusubiri, breki hizo zinakuruhusu kukanyaga ukiwa umechelewa kuliko mwenzako mwenye breki za ngoma.

Kasoro ipo. Ekseli ya nyuma ni kipande kimoja, kwa hiyo gurudumu la kushoto likipiga shimo, la kulia nalo linayumba. Kwenye lami laini linatamba, kwenye barabara mbovu dereva anateseka.

Lakini gari bila mafundi ni chuma tu, na hapa ndipo nawapenda Waskoti hawa. David Murray, mhasibu aliyewahi kushindana mwenyewe, aliianzisha timu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Fundi wake mkuu alikuwa Wilkie Wilkinson, na gereji yao ilikuwa kwenye mabanda ya zamani ya farasi, Merchiston Mews.

Mwaka 1956 kiwanda cha Jaguar kilipeleka Le Mans magari matatu. Mawili yaliishia kwenye ajali mwanzoni kabisa, la tatu likasumbuliwa na mfumo wa mafuta, likamaliza la sita. Waskoti walikuwa na moja tu, hili hili. Madereva wao Ron Flockhart na Ninian Sanderson wakashinda, wakiwaacha Stirling Moss na Peter Collins nyuma na Aston Martin yao. Mwaka 1957 kiwanda kimeshajitoa, Murray akaleta D-Type mbili: ya kwanza na ya pili! Flockhart na Ivor Bueb walizunguka mara 327. Siku chache baadaye timu ikawa Monza, Italia, ikishindana na Wamarekani katika mbio ambazo timu nyingine za Ulaya zilizisusia, na ikachukua nafasi ya nne, ya tano na ya sita.

Bei sasa. XKD 501 liliuzwa mnadani Marekani mwaka 2016 kwa zaidi ya dola milioni 21. Mwaka 2018 Jaguar walitangaza kuunda D-Type mpya 25 kwa mchoro ule ule. Zinavutia, sikatai, ila mimi ningechagua hili lililokesha Le Mans. Wewe je? Niandikie hapo chini.