Sensa ya sukari Mombasa: ipi ununue, na ipi uiache dukani

Tangu nianze kuvaa sensa, kidude cha kubandikwa mwilini kinachompimia mwenye kisukari sukari yake na kuionyesha kwenye simu, mtu akikiona mkononi huuliza bei. Nami humuuliza kwanza: wajidunga insulini, au wameza vidonge? Hilo ndilo lililopanga orodha yangu.

Nafasi ya kwanza naipa glukomita, mashine ya kuchoma kidole, na najua wengi watanuna. Sensa haipimi damu. Kiuzi chake hukaa chini ya ngozi na kusoma sukari iliyo kwenye majimaji ya mwili, ambayo hubaki nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 10 hivi. Ukitetemeka na kutoka jasho, dalili za sukari kushuka, huku simu inakwambia uko 5.2 (mmol/L), yaani uko sawa, amini kidole. Nunua mashine ambayo vijiti vyake vya kutilia damu vinapatikana duka la dawa la karibu nawe, maana pesa huliwa na vijiti, si mashine.

Ya pili ni sensa iitwayo FreeStyle Libre 2. Hukaa nyuma ya mkono siku 14, huanza kusoma baada ya saa 1, na hupiga kengele sukari ikishuka au ikipanda. Kama unameza vidonge tu, huna haja ya kuivaa mwaka mzima. Nunua moja, ivae wiki mbili, kula unavyokula kila siku, andika, kisha rudi kwenye kidole. Yangu ya kwanza ilinifunza jambo moja ambalo miaka ya kliniki haikunifunza. Asubuhi nilikula mahamri matatu na mbaazi za nazi, chai ya maziwa juu yake. Nilikaa chini nikiwa 6.8, baada ya saa moja na nusu nilikuwa 14.1. Kesho yake nikala hamri moja, mbaazi zile zile, chai kavu, kisha nikatembea hadi Makupa na kurudi. Haikufika 10. Mbaazi nilikuwa nikizisingizia bure.

Sensa nyingine, Dexcom G7, naiweka ya tatu, lakini kwa anayejidunga insulini, na hasa kwa mtoto, ipande hadi ya pili. Hukaa siku 10 na saa 12 za ziada za kubadilishia, huwa tayari ndani ya dakika 30 hivi, na hutuma namba kwenye simu kila dakika 5. Mama aliye Kongowea sokoni anaweza kuiona sukari ya mwanawe aliye madrasa Mji wa Kale, mradi simu zote mbili zina bando. Maji pia inayastahimili zaidi: mita 2.4 kwa saa 24, wakati Libre 2 ni mita 1 kwa dakika 30. Anayeogelea hasa, si wa kulowesha miguu, aliangalie hilo.

Libre 3 ni ndogo zaidi na husoma kila dakika. Nzuri, kama mfuko unaruhusu. Ile Libre ya kwanza kabisa iache: haipigi kengele usiku, na huhifadhi vipimo vya saa 8 tu hadi uisome kwa simu, kwa hiyo ukilala sana kipande cha usiku kinapotea.

Kulinganisha bei ni rahisi: gawanya bei kwa siku, si kwa boksi. Na kabla ya kumwagiza ami aliye Dubai, hakikisha programu ya simu yako itaikubali sensa iliyouzwa huko. Huweza kukataa. Soma pia alama ya joto kwenye boksi. Nyingi hazitaki kuhifadhiwa kwenye joto linalozidi nyuzi 25 au 30, na kibanda cha mabati mwezi wa Februari hakijui habari hiyo. Boksi lililoanikwa dirishani usilichukue.

Siku ya kuivaa, usijipake mafuta ya nazi. Oga, futa kwa spiriti, acha ngozi ikauke kabisa, ndipo ubandike. Jasho letu huzibandua zilizobandikwa haraka. Vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyusha majini, vya miligramu 1000, huweza kuifanya Libre 2 isome juu kuliko ukweli. Na ukiulalia mkono wenye sensa, itapiga kengele ya kushuka saa nane usiku na kuamsha nyumba nzima, kumbe hujashuka.

Yangu ya pili haikumaliza siku tatu. Niliiacha kwenye mlango wa matatu, konda akinivuta ndani kwa mkono ule ule. Siku hizi naivaa mkono wa kushoto, na wa kulia ndio ninaompa konda.