Tangazo la redio la kupotelewa funguo, Bukavu: nyota moja (au labda nne, sijui tena)

Niseme mapema: funguo zilirudi. Nasema mapema kwa sababu mdogo wangu amechoka kunisikia nikifoka, na kila nikianza ananikata: «Yaya, lakini si zilirudi?» Zilirudi, ndiyo. Na bado nikipita mbele ya redio ile natamani kuokota jiwe.

Jina la redio silitaji. Mji huu una redio nyingi kuliko taa za barabarani, na karibu zote zinapokea matangazo ya watu, kwa hiyo msijisumbue kukisia. Bei nayo siandiki, wameibandika ukutani pale mapokezi, mtaisoma wenyewe. Mimi nataka kueleza kitu kimoja tu, yaani zile dola 50.

Miye ni fundi wa kushona. Funguo zilinitoka sokoni Nyawera, mvua ikiwa imetoka kupiga, pale ambapo wanashusha magunia ya makala (makaa) na matope yanafika kwenye kifundo cha mguu. Nilishuka kwenye pikipiki na mzigo wa vitenge, nikalipa motari, nikapanda na njia yangu. Kufika mlangoni pa atelye, chumba changu cha kushonea, mfukoni hakuna kitu. Kurudi Nyawera, hakuna kitu. Motari naye ameshapotea kama wote wanavyopotea.

Ndani ya atelye kulikuwa na nguo za harusi ya Jumamosi. Si gauni la bibi harusi peke yake, ni sare za upande mzima wa familia: mashangazi, mama wadogo, wasimamizi. Mlango una kufuli tatu, zile nzito, maana mwaka juzi waliniibia cherehani. Fundi wa kuchomelea alikuja na mashine yake ya kukatia chuma, akatafuta pa kuchomeka waya, umeme hakuna. Bwawa la umeme la Ruzizi liko hapo chini ya mji, ukitaka unalitembelea kwa miguu, na sisi tunakaa na mishumaa. Akasema anaweza kukodi jenereta. Bei aliyotaja ningeweza kununua mlango mwingine. Jirani yangu muuza mikate ndiye aliyesema, «Si uende redio?»

Pale mapokezi kulikuwa na kijana, ekuta (vile vya kusikilizia masikioni) shingoni, anakula karanga juu ya meza. Hakuinua macho.

«Umepoteza kadi?»

«Hapana. Funguo.»

«Funguo za nini?»

«Za kufungulia.»

Hapo ndipo aliponitazama. Akacheka. «Mama, hapa watu wanatangaza kadi ya mpiga kura, diplome, msiba. Funguo unachongesha zingine.» Kwa kadi ninamwelewa. Kwa wengi wetu kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho pekee tulicho nacho, bila hiyo hata benki hawakujui. Lakini nilikuja na pesa yangu mkononi, si kuomba ruhusa ya kupoteza kitu. Akanisukumia karatasi. Nikaandika kwa herufi kubwa: funguo tano, zimepotea Nyawera, namba yangu ya simu, na mwisho, zawadi franka 5,000. Nikapiga mstari chini ya zawadi ili wasiiruke.

Kwenye zile funguo nimefunga kipande cha metre ya kupimia, ya manjano, kinaanzia namba 12 kinaishia 19. Hicho sikukiandika. Nilikiacha makusudi, ili atakayepiga simu nimuulize.

Jioni tukakaa wote kusikiliza. Matangazo yanatangulia habari. Ukae ukijua kwamba matangazo ya vifo ndiyo yanaanza, na msiba wa Bukavu unajulishwa kwa watu wote: familia iliyoko Kabare, iliyoko Uvira, iliyoko Kindu, iliyoko Ubelgiji, wakwe, marafiki, wanakwaya. Funguo zangu waliziweka kati ya marehemu mmoja mzee na mbuzi aliyepotea upande wa Panzi. Aliyesoma ni dada mmoja mwenye sauti tamu sana, huyo simlaumu kwa lolote, hata msiba akiusoma unajisikia umefarijiwa. Akasoma Nyawera vizuri. Akasoma namba yangu kwa Kifaransa, polepole, nonante-sept na zote, mara mbili. Halafu akasema, kwa sauti ileile tamu, kwamba atakayezirudisha atapewa zawadi ya dola 50.

Tonge la bugali lilibaki njiani. Mume wangu akanigeukia. «Dola ngapi?»

Simu ikaanza kuita kabla habari hazijaanza. Wa kwanza alikuwa na ufunguo wa pikipiki. Wa pili alikuwa na ufunguo mmoja, nikamwambia zangu ni tano, akaniuliza kama mingine minne anaweza kuchongesha. Mwingine aliniambia hana funguo lakini ana kufuli, tena mpya. Akapiga mtu aliyejitambulisha kama mchungaji, akasema funguo zangu zimefungwa katika roho na atazifungua kwa maombi, sadaka ni nusu ya ile zawadi. Kila mmoja nilimuuliza swali moja: kwenye kile kipande pameandikwa namba gani mpaka ngapi? Wengi walikata. Mmoja alibahatisha: «Ni namba ya simu yako, mama.» Asubuhi nikakuta watoto wa shule mlangoni, wamebeba kopo la maziwa limejaa funguo zenye kutu, sijui waliziokota wapi, wamejipanga mstari kama wanangoja uji.

Nikashuka redio.

Sasa hapa ndipo naomba mnielewe. Kukosea kusoma ni jambo la kibinadamu, mimi mwenyewe ningesamehe. Nilifika nimeshajiambia nitasema kwa upole. Nikamsalimia yule kijana, nikamwambia jana mlisoma dola 50 na mimi niliandika franka 5,000, naomba mrekebishe. Akafungua droo, akatoa karatasi yangu, akaiweka mezani bila haya. Mwandiko wangu upo, 5,000 ipo, mstari wangu upo. Na juu yake, kwa biki nyekundu, 5,000 imekatwa na pameandikwa 50 $.

«Nani ameandika hii?»

«Redaksio.»

«Redaksio ni nani?»

«Ni mimi.»

Bila hata kumeza mate. Nikamuuliza kwa nini. Akaniegemea juu ya meza kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito. «Mama, kwa elfu tano nani atainama kwenye matope ya Nyawera? Tumekusaidia.»

«Mmenisaidia kwa pesa ya nani?»

«Tangazo lazima livutie.»

Nikamwambia livutie kwa mshahara wake. Akaniambia, «Mama usipige kelele, tuko hewani.» Hewani kitu gani! Mlango wa studio uko wazi, hakuna mtu ndani, wimbo unajicheza wenyewe, na yule dada mwenye sauti yuko nje anasuka nywele. Nikasema basi sahihisheni. Akavuta karatasi mpya, ile ile tupu, akanisukumia. «Kusahihisha ni tangazo lingine. Unalipa.» Nikaomba kuonana na direkteri. Direkteri yuko Kinshasa. Anarudi lini? Hajasema. Halafu akachukua ekuta, akaivaa masikioni, nami bado niko katikati ya sentensi. Nimeona askari wa barabarani wenye adabu kuliko yule kijana, na mnajua ninachosema.

Nyota sifuri. Kama ningeandika siku ile mngesoma sifuri na matusi juu.

Mchana simu ikaita, namba siijui, sauti ya mama mtu mzima, nyuma yake makelele ya soko. «Ni weye mwenye kutangaza funguo?» Nikauliza swali langu, nimeshachoka. Akasema, «Ngoja.» Nikasikia anamwita mtoto amsomee. Kisha: «Kumi na mbili mpaka kumi na tisa. Iko ya manjano.» Nikakaa chini palepale barazani.

Alikuja mwenyewe, beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, kichwani, amepanda kilima chetu kwa mguu kutoka mahali motari alipokataa kuendelea. Hakutaka kukaa. Aliteremsha beseni, akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Zikatoka kwanza noti za franka zimekunjwa, halafu dawa ya kichwa, halafu funguo zangu. Alikuwa ameziosha. Zilinuka samaki na sabuni. Hata kwenye meno ya ufunguo wa kufuli kubwa hapakuwa na tope, alikuwa amelichokoa kwa kijiti.

Nikamshika mikono yote miwili. Aksanti, mama, aksanti sana. Akapokea shukrani, akangoja kidogo kwa heshima, akasema, «Na ile hamsini?»

Nikamweleza. Karatasi, biki nyekundu, redaksio. Alinisikiliza mpaka mwisho. «Mwanangu, miye karatasi yako sikuiona. Miye nilisikiaka redio.» Majirani wameshajaa, na msifikiri walikuwa upande wangu. Muuza mikate, yeye aliyenituma redio, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kwamba redio ikisema imesema. Nikatoa 20 ya dharura ninayoificha kwenye Biblia. Mama akaigeuza, akaiinua kwenye jua, akaona kitundu karibu na pembe, kidogo kama cha sindano (na huenda kilikuwa cha sindano kweli, kwa kazi yangu), akanirudishia. Hakuna Mkongomani atakayemlaumu, dola yenye tundu hata kanisani hawaipokei. Mwisho tulielewana: muuza mikate akanikopesha 20 safi, na mimi nitamshonea mama blauzi na sketi kwa kitenge chake bila malipo. Fundo likafungwa upya, noti ndani.

Tukiwa tumetulia nikamuuliza alizipata lini. Kumbe alizipata siku ileile, saa ileile karibu, na alizitundika kwenye msumari wa meza yake sokoni ili mwenyewe akipita azione. Wakati mimi nazunguka kama kichaa upande wa makala, zilikuwa zinaning'inia upande wa samaki. Hakuna aliyeuliza, akazivua, akataka kumpa fundi anayenunua vyuma. Ndipo alipoisikia redio kwa simu ya jirani yake wa meza.

Na mimi, kwa mdomo wangu, nikamuuliza: wangesema elfu tano, ungekuja?

Akacheka mpaka akashika kiuno. «Pikipiki ya kuja na kurudi inakula ngapi? Na meza yangu nani angebaki nayo?»

Mnaona tatizo langu. Yule kijana wa karanga alisema kweli. Kwa elfu tano funguo zangu leo zingekuwa zimeshayeyushwa kuwa sufuria. Kwa uongo wake wa biki nyekundu atelye ilifunguliwa, sare zikatoka kwa wakati, familia ikapendeza, ingawa shangazi mmoja alinung'unika kuhusu mikono, na huyo angenung'unika hata peponi. Kila nikifikiria hivyo hasira inazidi, kwa sababu kukosewa na mtu aliyefanya ovyo ni afadhali. Huyu alinikosea kwa akili.

Basi nyota nne kwa matokeo. Hapana, tatu, sitasahau ile ekuta. Kwa mama wa sambaza hakuna nyota zinazomtosha, lakini yeye si mfanyakazi wa redio. Kwa sasa nimeacha moja pale juu kwa sababu deni la muuza mikate bado linanisimamia mlangoni kila asubuhi. Likiisha huenda nikabadilisha.

Mkienda, nendeni, kwa kweli matangazo yao yanasikika mpaka sokoni. Ila zawadi iandikeni kwa maneno, si kwa tarakimu, na karatasi mpige picha kwa simu mbele ya macho yake kabla hajaichukua. Na kama mna siri kama ile metre yangu, msiiandike kabisa.

Juzi kijana amenipigia. Anataka niende studio nitoe ushuhuda, wasikilizaji wajue kwamba matangazo yao yanafanya kazi. Nimemwambia nitakuja, bei yangu ni dola 50, na ikiwa anaona nyingi, aniandikie barua ya kusahihisha, atalipia upya.