Duka la mbegu mjini: mchicha sina neno, lugha yao ndiyo tatizo

Jina la duka silitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ni agroveti moja huko kisiwani Mombasa, ina mbegu za kila namna, dawa za kuku, samadi ya mifuko, na kijana wa kaunta ambaye sijui asubuhi ile alikosana na nani kwao.

Ilikuwa ule mwanzo mwanzo wa kafyu ya korona ya 2020, Ramadhani inanukia, kabla hawajasogeza saa kuwa saa tatu. Saa moja jioni uwe ndani. Matatu ya watu 14 inabeba 8 na nauli imepanda, na sisi wa Likoni juu ya hayo yote tuna feri. Siku ya kwanza ya kafyu watu walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi palepale kivukoni wakingoja kuvuka warudi makwao, kwa hivo mtu wa Likoni akikwambia mimi lazima nivuke mapema, huyo hatanii. Siku hiyo nilikuwa na dawa ya presha ya mamangu, unga, gesi, halafu mbegu. Mbegu manake mtaa mzima ulikuwa umegeuka wakulima, mahoteli yamefungwa, kazi hakuna, watu wamekaa nyumbani na sukuma wiki ya shilingi ishirini imekuwa majani ya kuhesabu.

Dawa nilipata haraka, unga pia, gesi niliagiza. Balaa lilikuwa mbegu.

Nimenawa mlangoni kwa sabuni, mlinzi kanipima joto, barakoa usoni, nimesimama kwenye duara walilochora chini mpaka zamu yangu. Nikaomba mchicha, bamia na sukuma. Kijana akavuta mkebe, akapima kwa kifuniko cha soda, akamwaga kwenye kipande cha gazeti. Nikamwambia mwanangu, nipe ya pakiti, ile yenye stika ya KEPHIS, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, unaikwaruza unatuma namba kwa 1393 wanakujibu kama mbegu ni halali. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama, unataka mbegu ama unataka stika?"

Foleni nzima ikacheka. Nikameza. Nikasema haya funga hizo hizo, niongeze na mfuko mkubwa wa samadi, manake udongo wetu ni mchanga mtupu, bila samadi ni kumwaga maji bure. Jumla 850.

Ukutani wamebandika karatasi kubwa kwamba noti hawapokei. Sawa, tuliambiwa sote tupunguze kushikana noti, na kutuma chini ya 1,000 kwa M-Pesa siku zile ilikuwa bure. Nikatuma kwa namba iliyobandikwa, meseji ikanirudia saa hiyo hiyo, nikamwonyesha. Ati ningoje, hiyo simu iko kwa bosi, na bosi yuko nyumbani. Mpigie basi. Akapiga, hashiki. Akapiga tena, hashiki.

Sasa nyinyi mnaofanya biashara hebu nisaidieni, mtu anabandika namba ya simu aliyolala nayo yeye nyumbani, halafu anamwacha kijana dukani hana njia yoyote ya kujua nani kalipa na nani hajalipa, huo ni mpango gani? Nikawekwa kando, nje ya duara, juani. Waliokuja nyuma yangu wanaojulikana wanachukua mzigo wao wanakwenda, "tutaongea", mimi nisiyejulikana nimekaa na simu mkononi kama shahidi asiyeitwa. Nikamwambia kijana, angalia basi hii meseji, jina la bosi wako hili hapa. Akasema, na alisema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Siku hizi hata meseji watu wanatengeneza."

Mimi. Nitengeneze meseji ya kuiba mchicha.

Hapo nilipaza sauti, sikatai, nikamwambia kwa umri wangu nakuzaa wewe na huyo bosi wako pia. Mlinzi akaja mbio, ati "mamangu, punguza hasira, kaa mita moja". Mita moja! Mlango wa pembeni watu wanabanana hawaoni, mita wananipimia mimi.

Bosi alikuja kushika simu baadaye sana, akasema pesa imeingia kitambo. Kitambo! Pole sikupewa. Kijana akausukuma mzigo chini ya ile nailoni iliyotundikwa kaunta, "haya, mwengine". Kutoka hapo ni mkokoteni, foleni ya feri imefika barabarani, moyo mkononi, na nimeingia kwangu adhana ya Magharibi ishatoka.

Nilikuwa niwape sifuri siku ile ile. Lakini niseme kweli, ile samadi ni nzuri, imeoza vizuri haina harufu. Nilichanganya na udongo nikajaza gunia, katikati nikapanga kokoto kwa mkebe uliotolewa kitako, unajaza kokoto unauvuta juu huku udongo unapanda, ndiyo maji yafike mpaka chini. Matundu ya ubavuni niliyaweka kwa ajili ya miche ya sukuma, juu nikanyunyiza mchicha. Na mvua za masika zilikuwa zishashika, kazi ya kumwagilia hata sikuipata sana. Wallahi ule mchicha! Haukumaliza wiki ushachomoza, na Ramadhani haijaisha tunauchuma, laini, majani mapana, mamangu anaupika kwa nazi na majirani wanaleta vibakuli. Sukuma nayo imekuja, si sana, joto letu haliipendi na vile vidudu vidogo vya chini ya majani viliisumbua nikawa navinyunyizia jivu.

Bamia haikuota hata moja. Bamia, pwani, wakati wa mvua, kitu ambacho kwetu kinajiotea! Nikangoja, nikafukua, mbegu zimeoza. Sasa nidai kwa nani, kwa kipande cha gazeti? Hiyo ndiyo kazi ya stika, kijana, ukitaka kujua.

Mama anasema mimi nina kisirani, mchicha nimekula, nirudi nikanunue tena. Mchicha sirudi kununua, nimeacha mashina yakatoa maua nikakung'uta mbegu zangu mwenyewe. Labda samadi. Labda, na nitamtuma mtu.

Basi nyota tatu, kwa ajili ya samadi na mchicha. Hapana, mbili, nikikumbuka "watu wanatengeneza" naona hata hizo mbili nimewahurumia. Mkienda nendeni asubuhi, na kabla hujatuma hela uliza kwanza hiyo simu iko wapi.