Madirisha ya alumini, Riat: fundi aliyeziba pasipozibwa

Nimtendee haki kwanza. Vioo vimekaa sawa, dirisha linateleza ukilisukuma kwa kidole, na majirani walikuja kuuliza ni kazi ya nani. Mngeniuliza kabla ya mvua za Aprili, ningemsifu mpaka mchoke.

Halafu mvua ikaja. Anayekaa Riat, huku kilimani Kisumu, anajua: jioni upepo ukipanda kutoka ziwani, mvua hainyeshi, inapiga ubavuni. Asubuhi zulia la sebuleni likawa linabonyea maji. Nikashuku paa, nikashuku ukuta. Kumbe reli ya chini ya dirisha imejaa kama hori la ng'ombe, na maji yanamwagikia ndani.

Reli hizi huwa na vitundu upande wa nje ili maji yakiingia yajitokee yenyewe. Fundi wetu akavijaza silikoni. Vyote! Tena akalainisha kwa kidole, alama ipo hadi leo. Na pale palipotaka silikoni kweli, kati ya fremu na plasta, aliipaka juu ya vumbi la simiti bila hata kupangusa. Ukiishika ukingoni inabanduka nzima nzima.

Nikampigia simu. Radhi sikuitegemea, mafundi nawajua. Lakini jibu lake! "Mwalimu, mvua ni ya Mungu. Mimi niliweka dirisha." Akanishauri nitundike pazia zito. Pazia lizuie mvua ya Kisumu! Nikamwambia aje aone kwa macho yake. "Kesho." Kesho ya fundi mnaijua.

Aliyekuja hatimaye ni kijana wake, yule aliyekuwa akimshikia ngazi, na msumari na wembe mfukoni. Akazibua vitundu, akakwangua silikoni ya zamani, akapangusa pakakauka, ndipo akapaka mpya. Chai ilikuwa haijapoa. Mvua iliyofuata nilitoka na mwavuli kuangalia maji yakichuruzika nje ya reli, mama watoto akiniuliza kama niko sawa.

Sasa, nimpendekeze? Vipimo vyake sina neno navyo, na bei haikuwa mbaya. Pengine kwa nyumba ya bondeni, isiyopigwa na upepo... hapana, jamani. Mtu wa kuniambia pazia, hapana. Mtafuteni kijana. Bosi bado ananidai salio, na nimemwambia aje alichukue jioni, mvua ikiwa imeshika, na asisahau kuja na zulia.