Kisanduku cha asidi na metali: vifaa vizuri, kijitabu kina makosa

Kwa mwalimu wa kidato cha pili asiye na maabara iliyokamilika, kisanduku hiki kinachouzwa Sh 45,000 kwenye duka la vifaa vya shule Tabora mjini kinafaa kununuliwa. Mna asidi haidrokloriki cm³ 250, utepe wa magneziamu, punje za zinki, misumari, vipande vya shaba, karatasi ya alumini, mirija sita na silinda ya kupimia gesi. Misumari haijapakwa zinki, na hilo ni jambo jema; msumari wa kuezekea bati, uliopakwa zinki, ungetoa mapovu ya zinki tukadhani ni ya chuma.

Utepe ndio bora kuliko vyote. Sentimita 5 ni gramu 0.05, na ukiusugua kwa msasa hadi ung'ae, huisha upesi ndani ya asidi cm³ 10.

Lakini kijitabu kinasema utepe huo utatoa haidrojeni cm³ 50. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari, ambako moli moja (kipimo cha idadi ya chembe) ya gesi hujaza lita 24. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya bahari: kanieneo ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya pwani, kwa hiyo gesi hutanuka. Katika nyuzi 25 tarajia karibu cm³ 58, na ukiikusanya juu ya maji, mvuke utaifikisha kwenye 60. Mwanafunzi aliyepima kwa uangalifu ataambiwa amekosea ilhali amepatia!

Kosa jingine la kijitabu ni kuiweka alumini chini ya chuma katika mpangilio wa metali kwa wepesi wa kumenyuka, eti kwa kuwa haitoi mapovu. Inacheleweshwa tu na utando mwembamba wa oksaidi. Utando ukiisha, mrija hupata moto ghafla na povu hupanda, basi usitie asidi zaidi ya theluthi ya mrija.

Zinki yake ni safi mno, hivyo humenyuka polepole. Igusanishe na kipande cha shaba ndani ya asidi. Mapovu yataongezeka, mengi yakitokea kwenye shaba. Darasa lielezwe mapema kwamba inayolika ni zinki, shaba inapitisha elektroni tu.

Chupa ya asidi imeandikwa "iliyozimuliwa", basi, bila kutaja mkolezo, yaani kiasi cha asidi ndani ya maji. Pima mwenyewe: cm³ 10 za asidi ya 2 M (moli 2 kwa lita) humaliza gramu 1.68 za sodiamu baikaboneti. Tia baikaboneti kidogo kidogo mpaka mapovu yakome. Asidi ikila zaidi ya hapo, ni kali kupita 2 M; izimue kwa kumimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Asidi ikiisha, usijazie ya betri kama ilivyo. Hiyo ni salfuriki, theluthi nzima ya uzito wake ni asidi tupu, na tone moja linaweza kuharibu jicho. Miwani ya kinga haimo kisandukuni. Inunuliwe kando kabla chupa haijafunguliwa.