Askari wa mkoloni: Gurnah au Diop?

Riwaya hizi mbili, ya Abdulrazak Gurnah na ya David Diop, zinahusu Waafrika waliopigana upande wa wakoloni katika Vita Kuu ya Kwanza. Frère d'âme ya David Diop (2018) ni fupi, ila ina damu nyingi. Alfa Ndiaye, Msenegali katika jeshi la Wafaransa, analeta mikono ya Wajerumani aliyoikata. Mwanzoni wenzake wanamshangilia, baadaye wanamwona mchawi. Ushenzi wanautaka, mradi uwe wa kiasi!

Kwa kuonyesha moyo uliogawanyika, Afterlives ya Gurnah (2020) inaizidi mbali ya Diop. Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani, anajiunga na jeshi lao kwa hiari. Hamza, naye askari wa Wajerumani, anafundishwa Kijerumani na ofisa anayemlinda huku akimdharau. Inakwenda polepole, pengine mno.

Kwenu bado husimuliwa habari za askari wa Mjerumani? Anza na Gurnah. Una siku mbili na moyo mgumu? Diop.